Gauni lisilo na mikono limenizulia maneno ofisini. Niache kulivaa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mbagala na nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa mjini, Posta. Nimeajiriwa tangu Septemba. Kazi yangu kubwa ni kuandaa nyaraka za mizigo ya wateja, ila siku nyingine natumwa kupeleka karatasi kwenye ofisi za serikali, na mara chache naingia bandarini.

Tatizo langu ni mavazi. Tangu Desemba joto limekuwa kali mno. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu na kiyoyozi cha chumba chetu kiliharibika kabla ya Krismasi. Tuna feni moja, nayo ikielekezwa kwetu inapeperusha karatasi za watu. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, nasimama kwenye basi mpaka mjini, nikifika blauzi imeshalowa mgongo mzima. Nikaona nishone magauni mepesi. Mshahara wa Desemba nilinunua vitenge Kariakoo, fundi akanishonea magauni matatu. Yanashuka chini ya magoti, shingo imefunga, hayabani, ila hayana mikono. Nimeyapenda sana na yamenigharimu.

Wiki iliyopita nilivaa moja. Asubuhi yote hakuna aliyesema kitu. Saa nne wakaja wateja wawili, na nikiwa nawaonesha hati zao, mama mmoja mtu mzima pale ofisini, ambaye ni mhasibu na wala si bosi wangu, akasema kwa sauti: "Wewe binti, hapa ni ofisini, nenda kajifunike." Wateja wakanigeukia. Nikaazima mtandio wa mwenzangu, nikajitanda mpaka jioni. Kaka mmoja wa usafirishaji akadakia kwamba nimewaletea Coco Beach ofisini, na tangu siku hiyo kila nikipita ananiuliza leo makwapa nimeyaficha wapi. Bosi alikuwepo na hakusema neno.

Kinachonichanganya ni kwamba meneja wetu wa masoko, naye ni mwanamke, huvaa gauni lisilo na mikono karibu kila Ijumaa na hakuna anayemgusa. Mkataba wangu una mstari mmoja tu: mfanyakazi avae nadhifu na kwa heshima. Halafu juzi mlinzi wa ofisi moja ya serikali alinizuia getini nikiwa na gauni la pili. Ilibidi niazime khanga kwa mama lishe ndipo nikaruhusiwa kuingia.

Mama yangu anasema nimtii yule mama, mkubwa hakosei. Rafiki zangu wanasema nivae vivyo hivyo, nisibabaishwe na mtu. Shangazi, gauni lisilo na mikono linafaa ofisini au halifai? Na haya magauni matatu niyafanyeje?

Binti wa Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa na hasira kidogo, maana kumkemea mtoto wa mtu mbele ya wateja ni jambo nisilolivumilia. Lakini nitakujibu kwanza ulichouliza. Gauni hilo ulilonieleza linafaa kwa siku unazokaa mezani kwako, mradi mwajiri wako akubali. Halifai kwa siku unazotumwa serikalini, wala bandarini. Na mwenye haki ya kukuambia mwisho wa mavazi uko wapi ni mwajiri, kwa utaratibu unaojulikana na kila mtu.

Nianze na yule mlinzi wa getini, kwa sababu hapo sitakutetea. Watumishi wa umma nchini wana Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 unaohusu mavazi, na ofisi nyingi za serikali zimeweka mabango langoni yenye picha za nguo zisizotakiwa: sketi fupi, nguo za kubana, nguo zinazoonesha maungo, kaptula, blauzi za kamba, kila moja imepigwa alama nyekundu ya X. Wewe si mtumishi wa umma, lakini mlinzi anapokutazama hatofautishi, na mgeni anapimwa kwa bango lile lile. Yeye hana muda wa kupima kama gauni lako ni la heshima kuliko blauzi ya kamba iliyochorwa pale. Anaona bega. Ukibishana naye saa tatu asubuhi, anayeumia ni mteja ambaye kontena lake linasubiri karatasi uliyoishika mkononi, na kila siku mzigo unapokaa bandarini kupita muda, gharama inapanda. Wewe uko kwenye forodha, hilo unalijua kuliko mimi.

Kwa hiyo siku ya kutumwa serikalini vaa nguo yenye mikono, basi. Bandarini ndiyo kabisa, kule kuna mashine na mizigo inayoning'inia, utavaa kofia ngumu na kizibao kinachong'aa, na chini viatu vya kufunika vidole. Kwa kuwa hujui utatumwa lini, weka kikoti chepesi kwenye droo yako na kisirudi nyumbani ila kwa kufuliwa. Khanga ya mama lishe imekuokoa mara moja, usiifanye ndiyo utaratibu wako.

Na usidhani ni Dar es Salaam peke yake. Majirani zetu Uganda walitoa waraka wa mavazi kwa watumishi wao mwaka 2017, wakaandika waziwazi kwamba blauzi na magauni yasiyo na mikono hayaruhusiwi. Mwaka huo huo, mwezi Julai, Marekani kulizuka mzozo kwenye bunge lao baada ya waandishi wa habari wanawake kuzuiwa kuingia ukumbi ulio jirani na chumba cha mijadala kwa sababu mabega yao yalikuwa wazi. Spika akaahidi kanuni itatazamwa upya, na Ijumaa moja baadhi ya wabunge wanawake wakajipanga wakaja na nguo zisizo na mikono kupinga. Ni nchi hiyo hiyo ambayo mwaka 2009 mke wa rais, Michelle Obama, alipigwa picha rasmi ya Ikulu akiwa na gauni jeusi lisilo na mikono. Ndani ya mji mmoja wa Washington, nyumba moja ilikubali bega na nyingine ililikataa. Nakuambia haya ili mtu akikuletea hoja kwamba "wenzetu huko wanavaa", au kinyume chake kwamba "hakuna ofisi ya maana inayokubali", ujue zote mbili ni dhaifu. Kila mahali wanafuata kanuni ya nyumba yao.

Sasa tuje kwenye nyumba yenu. Ofisi binafsi haifungwi na ule waraka wa 2007, inajiwekea utaratibu wake. Yenu imeandika "nadhifu na kwa heshima" ikaishia hapo, na pengo hilo ndilo linalompa kila mwenye sauti nafasi ya kuwa mwalimu wa nidhamu. Sheria ya kazi haipo kimya kwenye jambo hili. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinasema mfanyakazi anapotuhumiwa kuvunja kanuni ya kazi hadi kufikia kuachishwa, hutazamwa kama kanuni yenyewe ilikuwa wazi na ya haki, kama mfanyakazi aliifahamu, na kama inatumika kwa wote kwa usawa. Hapo ndipo Ijumaa za meneja wa masoko zinapoingia. Sisemi ukimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa ajili ya gauni, hujafukuzwa wala hujapewa onyo. Nasema ujue unaposimama: hujavunja kanuni yoyote, kwa sababu hakuna iliyoandikwa inayotaja mikono. Usiombe radhi kwa kosa ambalo hujalifanya.

Unachotakiwa kufanya ni kuuliza, na uulize kwa maandishi. Mtumie ujumbe anayeshughulikia masuala ya wafanyakazi, na kama hayupo mtumie bosi wako. Andika hivi au karibu na hivi:

"Habari za kazi. Naomba ufafanuzi kuhusu mavazi ya ofisini. Mkataba unasema nadhifu na kwa heshima. Je, gauni lisilo na mikono, linalofika chini ya magoti, lililofunga shingo, linaruhusiwa kwa siku ambazo sikutani na wateja? Na siku za wateja? Nauliza kwa sababu nimepata maelekezo tofauti na ningependa kufuata utaratibu wa ofisi. Asante."

Usimtaje meneja wa masoko. Ukimtaja utakuwa umemshtaki mtu ambaye hajakukosea, na pengine angekuwa mtetezi wako. Mfuate yeye mwenyewe siku moja mkiwa wawili, umuulize kwa adabu: dada, wewe uliruhusiwa vipi? Huenda aliomba. Huenda cheo chake kimefunga watu midomo. Au huenda ana kikoti kwenye kiti ambacho wewe hukuwahi kukiona. Ukipata jibu hilo utaijua ofisi yenu kuliko miezi yote uliyokaa humo.

Jibu la maandishi likija "hairuhusiwi", vaa mikono mpaka utakapohama au watakapobadilisha, na usilichukulie kama kushindwa. Likija "inaruhusiwa", lihifadhi. Lisipokuja kabisa baada ya wiki, kumbusha mara moja, na mpaka hapo endelea na kikoti begani wateja wanapoingia. Uko kazini tangu Septemba tu. Ningekuwa na haki kama yako bado nisingetaka jina langu kwenye ofisi mpya lianze kutajwa kwa ajili ya bega wakati linaweza kutajwa kwa ajili ya hati zinazotoka safi bila kurudishwa.

Kuhusu yule mama mhasibu, mama yako mzazi ana sehemu ya ukweli. Mtu mzima huheshimiwa, na kwa mila zetu za pwani mama wa umri ule anahisi ana wajibu juu yako kama juu ya binti yake. Pengine alitaka kukukinga na maneno ya wateja. Lakini mkubwa hukosea, mwanangu, na hapa amekosea namna. Jambo la mwilini mwa mtu huambiwa pembeni, kwa sauti ya chini, tena akiwa hana mgeni mbele yake. Mfuate ukiwa umetulia, si siku hiyo hiyo ya hasira. Mwamkie. Mwambie: "Mama, nimesikia ulichoniambia siku ile, na nimeshauliza utaratibu wa ofisi. Naomba siku nyingine ukiona jambo kwangu, niite pembeni." Ishia hapo. Usianze kumweleza habari za joto, za Mbagala na za feni, kwa sababu ukijieleza sana atadhani unajitetea na mtaanza upya. Wengi wa kina mama hawa wakiambiwa hivyo kwa adabu hulainika, na wewe utakuwa umepata mtu wa kukuombea siku ngumu.

Huyo kaka wa usafirishaji ni habari nyingine kabisa. Naomba usimweke kapu moja na yule mama. Mama alisema juu ya nguo. Yeye anasema juu ya mwili wako, kila siku, hata siku ambazo umevaa mikono. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kijinsia kazini na inahesabu unyanyasaji wa aina hii kuwa ni ubaguzi. Mwambie mara moja, mbele ya mtu mwingine, bila kucheka: "Kaka, sipendi unavyozungumzia mwili wangu, naomba uache." Usicheke, narudia, maana kicheko cha aibu ndicho wanachokitumia baadaye kusema ulikuwa unafurahia. Akirudia, andika tarehe, saa, alichosema na nani alisikia, kisha upeleke kwa bosi kama malalamiko tofauti na ule ujumbe wa mavazi. Usiyachanganye mawili haya kwenye barua moja. Ukiyachanganya watajibu la gauni na la kaka litapotea. Na wala usiruhusu mtu akuambie kwamba usingevaa hivyo asingesema.

Nataka pia niseme jambo linalonikera muda mrefu. Wanaume wa nchi hii walishatatuliwa shida ya joto kazini. Suti ya Kaunda, shati-koti la mikono mifupi lisilohitaji tai, limevaliwa na mawaziri, wakuu wa mikoa na walimu wakuu kwa miaka mingi, na hakuna aliyeambiwa akajifunike. Lilitengenezwa kwa hali ya hewa yetu, likapewa heshima, likawa vazi la mkutano. Mwanamke wa Dar es Salaam naye anatembea katika joto lile lile la kaskazi, Januari na Februari zikipita nyuzi 30 na unyevu wa bahari juu yake, na hakuna aliyekaa chini akamshonea vazi la namna hiyo likakubalika na wote. Kila mmoja anahangaika na fundi wake. Ndiyo maana sitakuambia utupe magauni yako. Ulichokuwa unakitafuta ni cha haki.

Basi tuyashughulikie. Vaa gauni mojamoja, simama mbele ya kioo na ufanye kazi yako ya siku: nyoosha mkono kama unashusha faili rafu ya juu, inama kama unasaini kwenye meza ya mteja, kaa, geuka upande. Mtu mwingine akutazame kwa ubavuni. Kama ukanda wa sidiria unaonekana, au tundu la mkono linafunguka mpaka kifua kinaonekana kwa pembeni, gauni hilo halijawa la ofisini na wala si suala la mikono, ni suala la kukatwa vibaya. Fundi wengi hukata tundu kubwa ili nguo isibane kwapani, halafu mvaaji ndiye anayelipa. Mwambie alipandishe. Ukingo wa bega ufike kwenye mfupa wa mwisho wa bega, usiishie katikati kama fulana ya mazoezi. Gauni likipita mtihani huo, kwa macho yangu ni la heshima kuliko blauzi nyingi za mikono mirefu ninazoziona mjini zikiwa zinaangaza kila kitu.

Vitenge huuzwa kwa yadi sita, na gauni la kawaida huchukua kama nusu yake, kwa hiyo nina hakika mabaki yapo, kwako au kwa fundi. Yadai. Gauni moja liongezewe kimkono kidogo cha kipepeo kinachoangukia juu ya bega, kinapitisha hewa na kinatosha kukutoa kwenye macho ya walinzi. Kwa mengine mawili shona vikoti vyepesi visivyo na kitambaa cha ndani, vyenye mikono ya robo tatu, vya kitenge hicho hicho. Ukikivaa unaonekana umevaa suti, ukikivua uko huru.

Ila kabla fundi hajagusa chochote, kagua kitambaa. Chomoa uzi mmoja kwenye upindo, uchome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Poliesta huyeyuka, inajikunja na kuacha kitone kigumu. Kama magauni yako ni poliesta, hata ukikata mikono yote utaendelea kulowa, maana kitambaa hicho hakinywi jasho, kinalifungia mgongoni. Hapo tatizo lako halikuwa mikono tangu mwanzo. Blauzi ya pamba ya mikono mifupi, isiyobana kwapani, hukaa vizuri kwenye joto kuliko gauni la poliesta lisilo na mikono. Na kwa ile safari ya Mbagala, panda basi na fulana nyepesi, blauzi ya kazi iwe kwenye mfuko, ubadilishe ukifika. Uso na kwapa vipate maji kwanza. Dakika chache hizo ofisini zitakupa nusu siku ya utulivu.

Kuna la mwezi mtukufu pia. Ramadhani miaka hii inaangukia humo humo kwenye joto, na nusu ya mtaa unaofanyia kazi imefunga. Uwe Mwislamu au Mkristo, katika siku hizo funika mabega hata kama umeruhusiwa kwa maandishi. Hakuna sheria inayokulazimisha, ni ujirani tu, na watu wa mji huu hukumbuka nani aliwajali.

La mwisho ni kiyoyozi. Kimeharibika tangu kabla ya Krismasi na hakuna aliyeandika, mnalalamika tu mkipishana kwenye ngazi. Andikeni ombi la matengenezo, kila anayekaa chumba hicho aweke jina, na mpelekee yule mama mhasibu asaini wa kwanza. Kama naye anakaa kwenye joto hilo hilo akiwa na mikono mirefu hatakataa, na karatasi za malipo ya fundi zitapita mezani kwake.

Shangazi